Barua kwa Mgombea wa Ayalandi

Binti yangu anaishi Ayalandi, katika mji mdogo wa upande wa magharibi ambako, kwa maneno yake, mvua hainyeshi bali inakaa. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha na kuwageuza kitandani wazee wa watu, na mimi mzee wake niko Kiseke, Mwanza, kwenye nyumba niliyoijenga kwa mshahara wa ualimu juu ya mawe ambayo fundi aliyakataa mara mbili. Simlaumu. Alipoondoka alimwacha mtoto wake wa kike wa miaka minne mikononi mwa mke wangu. Miaka mitatu baadaye mke wangu akafariki, nikabaki na mjukuu, na mjukuu akabaki na mimi. Nikajifunza kupika uji usio na madonge na kukata kucha za mtoto asiyetulia.

Haya ninayoyaeleza yalitokea mwaka ambao watu wa Ayalandi walichagua wabunge wa Bunge la Ulaya na madiwani wao siku moja. Mjukuu alikuwa na miaka kumi, yuko darasa la nne. Mama yake alikuwa ameshaomba mara moja kibali cha kumchukua, akakataliwa.

Jumapili moja binti akapiga simu.

"Baba, shikamoo. Jana nimepata mgeni."

"Marahaba. Mgeni gani?"

"Mgombea. Anataka kwenda Bunge la Ulaya. Anapita nyumba kwa nyumba kwa miguu, peke yake, na mwavuli."

"Kizuri chajiuza," nikamwambia, "kibaya chajitembeza."

Akacheka. Akanieleza kwamba mtu yule hana chama, ni mgombea binafsi. Hilo lilinishangaza. Nimefundisha uraia zaidi ya miaka thelathini, nikianzia mazoezi ya ualimu nilipokuwa mwanachuo pale Butimba, na miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba kwetu hapa hugombei bila chama kukudhamini. Sasa huyu anatembea na mwavuli tu. Binti alimwambia ukweli kwamba hana kura ya kumpa, maana kule mgeni mkazi anaruhusiwa kumchagua diwani, si mbunge. Yule bwana akasema si neno. Akasimama pale mlangoni akamuuliza ni jambo gani linalomlemea. Binti akamwambia habari za mtoto. Akaandika kwenye kijidaftari chake, akamwachia kipeperushi, akasema, "Niandikie."

"Ulimkaribisha ndani?"

"Huku hawaingii, baba."

"Hata maji hukumpa?"

"Baba, huku mgombea akipewa maji atashangaa."

Jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyotaka kukiri. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na hapa mgeni mwenyewe kaulizia shida yetu kisha kaachwa kwenye mvua. Nikaona tunadaiwa adabu, na nikaona mimi ndiye wa kuilipa.

Binti alipiga picha kurasa zote za kile kipeperushi akanitumia. Mimi siwezi kusoma jambo zito kwenye kioo cha simu. Nikashuka mpaka stesheneri, nikachapishiwa, nikarudi nikakaa barazani na kalamu nyekundu. Ziwa linaonekana kutoka pale, kipande tu kati ya mapaa mawili ya jirani. Mjukuu alikuwa kando yangu na hesabu zake za sehemu, na kila mara aliponyanyua macho aliniuliza nimempa mgombea ngapi juu ya ngapi.

Nilianza na msimamo wake juu ya majeshi. Aliandika kwamba Ayalandi isiingizwe katika jeshi lolote la Ulaya, wala isitume vijana wake kwenye vita vya wakubwa. Nikamwekea vema kubwa. Hilo nimelifundisha tangu ujana, habari za nchi zisizofungamana na upande wowote, na sikujua kwamba kuna wazungu nao wanalishika. Msimamo wa pili ulihusu ng'ombe. Umoja wa Ulaya unawabana wafugaji kwa ajili ya mbolea na hewa chafu itokayo kwa ng'ombe, na yeye alisema mfugaji mdogo asibebeshwe mzigo huo peke yake. Nilimpigia kaka yangu aliyebaki na mifugo ya baba kijijini, nikamsomea. Akauliza nani hao wanaosema ng'ombe anachafua hewa. Nikamwambia ni Ulaya. Akashangaa kwa Kisukuma, "Bhabhehi! Basi watuletee sisi," akakata simu kwa kuwa alikuwa machungani.

Kisha samaki. Mgombea alilalamika kwamba wavuvi wa pwani yao wanapangiwa kiasi cha kuvua na watu wasiojua hata bahari inanukaje, huku meli za nchi nyingine zikichota mbele ya macho yao. Nilicheka peke yangu. Hapa Mwanza minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa, tunayakaanga na kuyasifia. Nikaandika pembeni: "Ametetea vizuri. Ajiulize pia samaki wa wenzake huliwa na nani." Juu ya nyumba alisema vijana wa kule hawana pa kuishi, wanalala kwa wazazi mpaka wanaota mvi, na serikali ijenge. Nikampa vema.

Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kulikuwa na sentensi mbili juu ya wahamiaji. Alisema wafanyakazi wageni wanahitajika na waheshimiwe, lakini familia zao zifuate kwa utaratibu, nyumba na nafasi za shule zikishapatikana. Nilizisoma. Mkono ukasita, halafu nikaweka vema ndogo. Sikuona cha kukosoa. Yeyote aliyewahi kufundisha darasa lenye watoto mara mbili ya madawati anajua maana ya nafasi.

Nilimpa sabini na nane juu ya mia. Mjukuu akasema hiyo ni B.

Basi nikaandika barua. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo kila Mtanzania analijua na kwa hiyo sikuona haja ya kulieleza kwa yeyote. Kwetu, ukimpeleka mtu mahali, awe anatafuta kazi, shule au chumba cha kupanga, unampeleka na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye muhuri. Barua ile haimwombei mtu huruma. Inasema anatoka kwa watu, anajulikana, ana tabia njema, hajashindikana kwao. Ukianza kuorodhesha shida zake, anayeipokea atajiuliza unamtupia mzigo gani. Shida inasemwa kwa mdomo, na barua inabeba heshima.

Nikaandika kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza cha shuleni, chenye kichwa cha habari herufi kubwa na mstari chini yake. Nilimtambulisha mjukuu wangu. Nikasema ana afya njema, ni wa tatu darasani, anakula vizuri, anaishi nyumba ya matofali yenye umeme na maji, na kwamba mimi babu yake ni mzima, mwenye pensheni, na sijawahi kushindwa kumtunza. "Mtoto huyu hana tatizo lolote," niliandika. Mwishoni nikaomba mheshimiwa atumie busara zake ili aungane na mama yake.

Mwenyekiti wetu wa mtaa nilimfundisha mwenyewe, alikuwa mzito wa historia lakini mwepesi wa watu. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Mwalimu, imetulia," akasema. "Hii ikifika kule watajua tupo."

Akagonga muhuri mara mbili, nakala ya Kiswahili na ya Kiingereza, akapuliza wino ukauke. Nikaiweka kwenye bahasha nikaituma kwa posta, kwa anwani iliyokuwa kwenye kipeperushi, kwa sababu muhuri wa picha si muhuri. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

Wiki chache zikapita. Ndipo binti akaenda kwenye mkutano wa wagombea katika ukumbi wa mji wao. Alitoka kazini moja kwa moja, akakaa safu ya nyuma na sare yake. Mtu mmoja akasimama akauliza wagombea wana msimamo gani juu ya familia za wafanyakazi wageni. Yule bwana wetu ilipofika zamu yake akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha.

Nimeiona video. Binti alinitumia bila neno lolote. Mgombea alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, hakuwa na kejeli hata kidogo. Akasema amepokea barua kutoka kwa babu mmoja Afrika, imegongwa muhuri wa serikali, na kwamba hajawahi kusoma barua yenye utu kama ile. Akaisoma. Akasoma afya njema, wa tatu darasani, nyumba ya matofali, umeme na maji. Akasoma kwamba mtoto hana tatizo lolote. Kisha akaikunja akasema, "Mtoto huyu yuko salama, yuko kwao, anapendwa. Je, ni wema kumtoa huko tukamleta kwenye mji ambao hauna nyumba wala dawati la kumpa? Tujenge kwanza. Watoto kama huyu wanaweza kusubiri." Watu wakapiga makofi. Hayakuwa makofi ya chuki. Nilitamani yawe ya chuki ili nipate wa kumkasirikia.

Na nakiri: nilipouona ule muhuri wa mtaa wetu umeinuliwa mbele ya ukumbi wa Ulaya, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari. Ilikaa kama pumzi mbili. Aibu ikafuata, na hiyo haijaondoka mpaka leo.

Jioni binti akapiga simu. Hakuniamkia.

"Baba, umeandika nini?"

"Nimeandika kama inavyoandikwa."

"Umewaambia hana tatizo."

"Ulitaka nimtukane mtoto kwa watu wasiomjua? Niseme analelewa kama kuku wa kienyeji?"

"Nilitaka useme ananihitaji."

Nikamwambia kwamba mimi sikumtuma mtu kwenda kuosha wazee wa wengine. Ni neno baya, na nililisema kwa sauti ya darasani. Akauliza polepole, "Baba, wewe unataka aje?"

Nikakata simu.

Nilikaa barazani. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina tabia ya kutafuta makosa ya watu wengine kwanza. Nikaanza na mgombea. Nikachukua kile kipeperushi na kalamu nyekundu nikitafuta alipodanganya. Hakudanganya popote. Msimamo wake ulikuwa ukurasa wa mwisho tangu mwanzo, na mimi niliuwekea vema. Isitoshe, kosa jingine likanijia, la aibu kubwa kwa mwalimu wa uraia. Ruhusa ya mtoto kuungana na mama yake inatolewa na wizara ya Ayalandi yenyewe. Mbunge wa Ulaya hana kalamu ya kuisaini. Swali la kwanza kabisa ninalowapa wanafunzi ni nani ana madaraka gani, na mimi nilikuwa nimebisha hodi nyumba isiyohusika, nikamkabidhi mwenye nyumba fimbo.

Lakini hilo nalo lilikuwa namna ya kukwepa. Swali la binti lilikuwa rahisi kuliko mambo yote hayo.

Kulikuwa na mambo niliyoyaacha nje ya barua. Mtoto alikuwa ameanza kuongea na mama yake kwa simu kama anayejibu mkaguzi wa shule: nzuri, ndiyo mama, asante mama. Akimaliza anarudisha simu kwa mikono miwili na kwenda zake kucheza. Na siku moja, tukichambua mchicha, aliniuliza, "Babu, mama ni mrefu?" Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwenye simu anaona uso tu. Nilisimama nikaweka kiganja kwenye fremu ya mlango, nikamwambia mama yako anafika hapa. Akapatazama pale mahali kwa muda, kisha akaendelea na mchicha.

Hilo sikuliandika. Nilijiambia si la kuandikwa kwenye barua ya heshima. Ukweli ni kwamba nyumba ile ingekuwa kimya bila yeye, na mimi nilikuwa naogopa kimya kile kama mtoto anavyoogopa giza. Desturi ilikuwa ya kweli. Nami nilijificha nyuma yake.

Asubuhi nilimpigia binti nikamwomba radhi. Baba kumwomba radhi mwanawe si jambo jepesi kwa watu wa rika langu, na nililifanya vibaya, nikikohoa katikati. Akaniambia kuna ofisi kule inayosaidia wahamiaji, wamemshauri aombe tena wizarani. Safari hii wanataka barua ya mlezi, ieleze kwa nini mtoto hawezi kuendelea kukaa alipo.

"Wanataka useme huwezi tena, baba," akasema. "Kama ni kweli."

Nilimwambia nitaiandika.

Nina presha, daktari alishanikataza chumvi. Goti la kushoto linanisumbua wakati wa mvua. Mwaka uliopita nililala siku mbili na homa na mtoto akaomba jirani ampikie. Vyote hivyo ni kweli, na vyote nilikuwa nimeviita si kitu. Sasa nikavipanga kimoja baada ya kingine kwenye karatasi. Niliandika kwamba mimi ni mzee, ni mgonjwa, sina mtu mzima mwingine nyumbani, na siwezi tena kumlea mtoto huyu inavyostahili. Niliandika pia habari ya fremu ya mlango. Ilinichukua siku nne, mimi ambaye ile ya kwanza niliimaliza kabla chai haijapoa.

Mwenyekiti aliisoma akiwa amekaa. Alipofika katikati akavua miwani.

"Mwalimu, hii nayo nigonge?"

"Gonga."

"Ile ya mwanzo tulisema..."

"Najua tulichosema. Gonga, mwanangu."

Aligonga mara moja, polepole. Hakupuliza wino. Akanisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Mgombea alishinda. Kule mpiga kura haweki vema, anawapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuhesabu kunachukua siku kadhaa. Sina kinyongo naye. Alisoma nilichomwandikia, na ni wasomaji wachache wanaofanya hivyo.

Kosa langu la mwisho lilikuwa kuiacha rasimu ya Kiswahili mezani. Mjukuu wangu yule anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mifuko ya sukari. Alikuja barazani akaniuliza, "Babu, unaumwa nini?" Nikamjibu ni uzee. Tangu siku hiyo akawa anafagia kabla sijaamka. Akaninyang'anya ndoo. Tukienda dukani ananiambia tupumzike kwenye jiwe, hata kama sijachoka, na mimi napumzika.

Kibali kilitoka. Binti akaja mwenyewe kumchukua. Kwenye uwanja wa ndege wa Mwanza, mtoto alimtazama mama yake kuanzia viatuni kwenda juu, taratibu, mpaka usoni, kisha ndipo akamwamkia. Siku kumi baadaye waliondoka wote wawili. Nililia mbele za watu, mwanaume wa umri wangu, na sikuona haya.

Sasa ananipigia kila Jumamosi. Anasema shule ni nzuri, anasema mvua, anasema mama yake anaimba akipika na yeye hakujua kwamba mama anaimba. Sauti yake imebadilika, haijibu tena kama mbele ya mkaguzi. Nasikia wanacheka na mama yake juu ya mambo nisiyoyajua, na nafurahi, na inauma.

Na kila Jumamosi, kabla ya kuaga, anashusha sauti ili mama yake asisikie.

"Babu, umepona?"

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimetoka kupanda mlima kwa miguu, na mfuko wa unga begani, bila kupumzika popote.

"Bado, mama," nikamwambia. "Bado kidogo."

"Ukipona uniambie, nirudi."

Nikamwambia nitamwambia.